Shangazi, meza ya mninga imepasuka na fundi anasema kosa ni langu

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini, nina mume na watoto watatu. Ninakuandikia kwa sababu kwa wiki sita sasa habari ya meza moja imeondoa utulivu nyumbani kwangu, na juma lililopita niligundua kwamba imeanza kunifuata hadi darasani.

Mwishoni mwa Januari mwaka huu nilimwagiza fundi seremala wa mtaani kwetu Ipuli anitengenezee meza ya kulia chakula pamoja na viti 8. Ni kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mwenye karakana ndogo ya mabati na vijana wawili wanaojifunza kazi kwake, na vitanda alivyowatengenezea majirani zangu vinasifiwa hadi leo. Tulikubaliana shilingi 1,600,000. Hatukuandikiana mkataba, lakini nilimtumia ujumbe kwa simu nikaeleza nilichokitaka: meza ya mninga mtupu yenye urefu wa futi 7 na upana wa futi 3 na nusu, viti 8 vya mninga, na kazi yote ikamilike kabla ya Pasaka, kwa kuwa binti yetu alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza na tulitarajia wageni wengi. Alijibu, "Sawa mwalimu, nimeelewa." Siku hiyo hiyo nilimtangulizia shilingi 900,000.

Katikati ya Februari nilipita karakanani nikakuta mbao zimeegemezwa ukutani. Aliniambia kwamba zina ubichi bado na ingefaa zikae kwanza. Nilimwambia kwamba Pasaka haisogezwi, afanye anavyoweza. Ninalitaja hili kwa sababu yeye sasa amelishika kama ngao.

Meza ililetwa wiki moja kabla ya sikukuu ikiwa na viti 5, nami nikamlipa shilingi 500,000. Ilikuwa nzuri, Shangazi, sitaki kusema uongo. Iling'aa kwa vanishi, na wageni walipitisha viganja vyao juu yake kabla hata ya kuketi. Viti 3 vilivyobaki vilikuja mwezi wa Mei, na kwa kuwa alinichelewesha, niliizuia ile shilingi 200,000 iliyosalia hadi leo.

Mwezi wa Julai, usiku mmoja, tulisikia mlio sebuleni kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Asubuhi tukakuta ufa umeanzia kwenye ncha moja ya meza ukaingia ndani kiasi cha shubiri mbili. Siku zilizofuata mbao za juu zilianza kuachana, na sasa kuna mianya miwili ambayo mwanangu mdogo hutumbukizia sarafu kwa mchezo. Kisha nilipokuwa nikifagia nikaona unga mweupe, laini kama wa sembe, chini ya viti viwili. Niliufuta, kesho yake ukarudi.

Fundi alikuja nilipomwita. Alichanganya gundi na vumbi la mbao, akaziba, akapiga msasa na kupaka vanishi juu yake, na kwa wiki tatu tulidhani mambo yamekwisha. Mianya ilifunguka tena pembeni mwa ile gundi. Nilipomwita mara ya pili hakuja, na nilipomfuata karakanani alinijibu mbele ya vijana wake, "Mbao hufuata hali ya hewa, mwalimu, na mimi nilikuonya. Unilipe kwanza laki mbili zangu ndipo tuzungumze." Niliondoka bila kumjibu, kwa sababu nilihisi nikifungua mdomo nitalia.

Mume wangu anataka twende polisi. Mwalimu mwenzangu ananishauri niweke picha za meza na za fundi mwenyewe katika kundi la wazazi la WhatsApp, ili wengine wasiingie katika shimo nililoingia mimi. Mama yangu mzazi anasema nimwachie Mungu. Kinachonitesa zaidi ni kwamba mtoto wa fundi huyo yumo katika darasa langu la 4, na juma lililopita nilijikuta nimemkaripia kwa kosa ambalo kwa mtoto mwingine ningelipita.

Ninachotaka kujua ni hiki: je, nina haki ya kudai fedha zangu zote na kumrudishia meza yake? Je, ni kweli kwamba kosa ni langu? Na laki mbili zake nimpe au nisimpe?

Mwalimu wa Ipuli, Tabora

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Shilingi 1,400,000 kutoka katika mshahara wa mwalimu ni fedha iliyokusanywa kwa kujinyima, na mtu aliyejinyima hivyo ana haki ya kuumia anapoona unga wa mdudu chini ya kiti kipya.

Hata hivyo nitaanzia kwenye ile sentensi uliyoipita haraka, pale fundi alipokuambia kwamba mbao zina ubichi nawe ukamjibu kwamba Pasaka haisogezwi. Uliiandika mwenyewe bila kulazimishwa, na uaminifu huo ndio unaonipa moyo kwamba jambo hili litakwisha vizuri, kwa sababu mdai anayekumbuka upande wake ni rahisi kusikilizwa. Lakini usiihesabu sentensi ile kama ngao ya fundi tu. Ina uzito wa kweli, na sehemu ya mianya ya meza yako ilizaliwa pale karakanani siku ile, kwa kauli ya watu wawili.

Nimelelewa katika nyumba ya seremala. Baba yangu alikuwa akipanga mbao chini ya upenu wa nyumba, akiweka fito kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na kwenye ncha ya kila ubao aliandika mwezi kwa chaki. Sisi watoto tulikatazwa kuzifuta chaki zile kuliko tulivyokatazwa kugusa sukari. Kipimo chake, ambacho ni cha maseremala wengi wa zamani, kilikuwa mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Mti mbichi hubeba maji mengi, na maji ya kwanza yakitoka ubao hautikisiki. Lakini unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti ukiwa mkavu kabisa, kila tone linalotoka huusinyaza ubao, nao husinyaa kwa upana, huku urefu ukibaki karibu vile vile. Ndiyo maana meza yako ingali ina futi zake 7 lakini imeachia mianya kwa upande wa pili. Samani za ndani hutakiwa ziundwe mbao zikiwa zimefika karibu asilimia 12. Mbao ulizoziona zimeegemezwa ukutani mwezi wa Februari, katikati ya mvua za Tabora, zisingeweza kufika huko kabla ya Pasaka hata fundi angekuwa malaika, na kiangazi kilipoingia zikaendelea kukauka zikiwa tayari sebuleni kwako.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapoachana na fundi wako. Kumwambia mwalimu kwamba mbao zina ubichi hakutoshi. Wewe ulisikia neno "ubichi" ukalielewa kama mpishi anavyolielewa, jambo la kiasi fulani linaloweza kuvumiliwa, ilhali yeye alijua kwamba neno hilo maana yake ni ufa wa mwezi wa Julai. Mwenye ujuzi ndiye anayebeba wajibu wa kulifafanua onyo lake hadi asiye na ujuzi aone hasara kwa macho. Angeweza kukuambia waziwazi kwamba meza itaachana kiangazi, au akakuomba upokee viti kwa ajili ya sikukuu na meza uingoje, au akatafuta mbao zilizokauka kwa bei ya juu zaidi akakuachia uamuzi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipokea fedha akaendelea. Kwa hiyo ninasema mianya ni yenu wote wawili, na fungu lake ni kubwa kuliko lako.

Ule ufa ni jambo lingine, nao ndio ninaotaka uuchunguze kabla hujasema neno jingine kwa mtu yeyote. Chukua tochi, inama chini ya meza, utazame jinsi ubao wa juu ulivyoshikizwa kwenye fremu. Ukikuta umegandishwa kwa gundi pande zote, au umepigiliwa misumari au skrubu zilizobanwa kabisa bila nafasi ya kusogea, basi umeona chanzo chake. Ubao mpana ni lazima uachiwe nafasi ya kusinyaa na kutanuka kila mwaka, hata ukiwa mkavu namna gani. Seremala anayejua huuwekea skrubu katika tundu lililorefushwa kidogo, au vijiti vya mbao vinavyoshika ubao huku vikiuruhusu kuteleza. Ubao uliofungwa pande zote unapotaka kusinyaa na kushindwa kusogea, hupasuka, na hupasuka kwa mlio, kama mlivyousikia usiku ule. Kosa hilo halihusiani na Pasaka, wala na haraka yako, wala na hali ya hewa. Ni kosa la uundaji, na ni la fundi peke yake.

Na ule unga ni wa fundi peke yake pia. Watu wa Tabora hawana haja ya kufundishwa habari za dumuzi, kwa kuwa yule dumuzi wa mahindi aliyewahangaisha wakulima wa mkoa huu tangu miaka ya mwanzo ya 1980 aliwafundisha vya kutosha, na huyu wa mbao ni wa ukoo huo huo. Chakula chake ni wanga uliomo katika ile sehemu nyeupe ya mti iliyo karibu na gome. Kiini cha mninga, ile sehemu yenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, humshinda. Sehemu nyeupe haimshindi hata kidogo. Kwa hiyo unga ukitoka katika kiti cha mninga, ama kimewekwa vipande vya sehemu nyeupe vikapakwa rangi vifanane na vingine, ama si mninga. Fundi akiwepo, geuza kiti kimoja na mkwangue kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana, chini ya kikalio. Rangi ya mti wenyewe itawaambia. Na katika kungoja, vitenge viti hivyo viwili na samani nyingine, kwa sababu mdudu akipevuka hutoka kwenye tundu lake kwenda kutaga pengine.

Niongeze jambo moja kuhusu mninga, kwa kuwa ndio ulioutaja katika ujumbe wako. Mti huu hupendwa na maseremala si kwa rangi yake tu. Ni mmoja wa miti isiyosinyaa sana ukilinganisha na miti mingi migumu. Mianya inayomeza sarafu katika meza ya mninga inanionyesha kwamba mbao zilikuwa na maji mengi kuliko "ubichi bado", au kwamba mbao mojawapo ni ya mti mwingine. Simtuhumu kijana wa watu nikiwa sijaiona meza. Ninataka tu msikwangue viti pekee, mkwangue na meza.

Umeniuliza kuhusu haki ya kurudisha kila kitu na kupewa fedha zote. Kukosekana kwa mkataba wa maandishi kusikutie hofu. Bidhaa ilipokewa, fedha zililipwa, na ule ujumbe wa simu unataja mti, vipimo na muda, pamoja na jibu lake la kukubali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi, kwa hiyo usiufute wala usibadilishe simu bila kuuhifadhi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa kutajwa aina yake ilingane na kilichotajwa, na pale mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi yake na kuutegemea ujuzi wake, inataka bidhaa iyafae matumizi hayo. Hapo una miguu ya kusimamia. Lakini sheria hiyo hiyo humwangalia kwa jicho jingine mtu aliyekwisha kuipokea bidhaa na kuitumia kama mali yake. Umekula juu ya meza ile tangu Pasaka. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hawezi tena kuikataa bidhaa nzima. Anachoweza kudai ni fidia ya upungufu wake, yaani gharama ya kuirekebisha au tofauti ya thamani. Kwa hiyo dai la kurudishiwa shilingi 1,400,000 lingekuwa dai dhaifu hata mbele ya hakimu anayekuhurumia.

Lingekuwa dhaifu zaidi karakanani. Seremala mdogo hutumia fedha ya kutangulizwa kununulia mbao za kazi ile ile, na salio hulipa vijana, kodi na chakula. Fedha yako haimo katika droo yoyote. Ukimdai yote atakachoweza kukupa ni ahadi, kisha atakukwepa, na utabaki na meza mbovu pamoja na adui wa mtaani. Ukimdai kazi, unamdai kitu ambacho anacho. Anayo mikono, anayo randa, na kutokana na vitanda vya jirani zako, nina sababu ya kuamini kwamba anayo pia heshima ya kazi yake.

Polisi muwaache. Hili ni dai la madai, si jinai, na mumeo, kwa uchungu wake wa haki kabisa, angempeleka mtu mahali ambapo wangeambiwa warudi kwenye mtaa wao.

Kuhusu kundi la wazazi nitakuwa mkali kidogo, mwanangu, nivumilie. Kundi lile lilianzishwa kwa ajili ya watoto. Ukiweka humo picha ya fundi, hutakuwa mnunuzi anayewaonya wenzake. Utakuwa mwalimu anayemshtaki mzazi mbele ya wazazi wenzake, na mtoto wake ataingia darasani kesho yake huku watoto wengine wakiwa wamekwisha kusikia habari hiyo mezani kwao wakati wa chakula cha jioni. Tena kumsambaza mtu kwa picha na tuhuma ambazo bado hazijathibitishwa kunaweza kukugeuza wewe kuwa mlalamikiwa chini ya sheria zetu za mtandao. Na yule mtoto uliyemkaripia, umeandika habari zake kwa maneno machache, lakini nimeona yalivyokuelemea. Yeye hakukuuzia meza. Mwite pembeni siku moja, mweleze kwamba siku ile ulimkaripia kupita kiasi. Watoto wa darasa la 4 hupokea neno hilo kutoka kwa mwalimu vizuri kuliko tunavyodhani, na utashangaa ni mzigo gani utakuwa umeutua.

Sasa laki mbili. Uliizuia kwa sababu ya viti kuchelewa, lakini je, ulimwambia hivyo? Barua yako haisemi. Kama hukumwambia, basi tangu Mei kijana yule anaamini kwamba mwalimu mwenye mshahara amemdhulumu fundi asiye na mshahara, na huenda maneno yale aliyokutolea mbele ya vijana wake yalitokana na imani hiyo zaidi kuliko kiburi. Uchelewaji wa viti 3 usingestahili shilingi 200,000. Hata hivyo nisingekushauri umpe yote leo, kwa kuwa upungufu ulioonekana baadaye ni mkubwa kuliko kiasi hicho, na fedha hiyo ndiyo dhamana pekee iliyobaki mkononi mwako. Nionavyo mimi, ikubali kwa kinywa chako kwamba ni yake, umweleze kwa nini uliizuia, kisha mpe shilingi 100,000 siku meza itakapoingia karakanani, apate cha kununulia vifaa, na 100,000 siku itakapotoka nawe ukiwa umeikagua mwenyewe.

Kazi yenyewe iwe hivi. Ile gundi na vumbi la mbao isirudiwe kamwe, kwa maana kuziba mwanya wa kiangazi kwa kitu kigumu ni kuutafutia ubao ugomvi mwingine wakati wa mvua, utakapotaka kutanuka na kukuta nafasi yake imekaliwa. Ubao wa juu wote ufunguliwe. Mbao zilizoachana zipigwe randa upya kwenye kingo zake hadi zigusane bila kuacha mwanga, ziunganishwe upya kwa gundi, na ile iliyopasuka ibadilishwe. Kwa kuwa upana utakuwa umepungua, fundi ataongeza ukanda mwembamba wa mninga mkavu pembeni. Kisha ubao urudishwe juu ya fremu kwa namna inayouruhusu kusogea. Viti viwili vivunjwe na sehemu zote zenye weupe zibadilishwe, kwa sababu kumpaka dawa mdudu aliyekwisha kuingia ndani mara nyingi ni kumnyamazisha kwa msimu mmoja. Kazi ya mikono kwa meza na viti, mbao za viti na ubao badala ya ule uliopasuka viwe juu yake. Ule ukanda wa kuongezea, vanishi ya meza na gharama ya kuisafirisha kwenda na kurudi uvibebe wewe, kwa ajili ya ile Pasaka isiyosogezwa. Hesabu hiyo ni ya haki kwa kadiri ninavyoweza kuipima kutoka mbali, na ninaamini fundi ataikubali kwa urahisi zaidi akikusikia wewe wa kwanza ukilitaja fungu lako.

Mapatano haya yaandikwe safari hii, hata katika ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi, yataje mti, kazi, tarehe na fedha, yasainiwe na ninyi wawili na shahidi mmoja ambaye nyote mnamheshimu. Mwenyekiti wa mtaa anafaa. Na usiende kumtafuta mbele ya vijana wake. Fundi akishaaibishwa mbele ya wanafunzi wake hujitetea hata kwa jambo analojua amekosea, na wewe kama mwalimu unaielewa hali hiyo kuliko mimi.

Akikataa kabisa, hapo ndipo utakapotafuta seremala mwingine mzoefu, au mwalimu wa useremala wa chuo cha ufundi, aikague meza na kukuandikia kasoro zake na gharama ya kuzirekebisha. Karatasi hiyo, pamoja na ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo, utaipeleka kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, na usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri lenu litasikilizwa kwa Kiswahili nawe unaweza kujieleza mwenyewe. Sitarajii mfike huko.

Kuhusu kumwachia Mungu, mwambie mama kwamba nimemsikia na ninamheshimu, lakini mpe na hesabu hii ya miezi. Meza yako inapaswa kuunganishwa ikiwa imesinyaa kadiri ya uwezo wake, na hapo Tabora huo ni mwisho wa kiangazi. Tia alama ya penseli kila upande wa mwanya mmoja leo na upime nafasi iliyo kati ya alama hizo baada ya wiki mbili. Ikiwa haijaongezeka, ubao umekwisha kutulia na kazi inaweza kuanza. Barua yako imenifikia Septemba, na mvua za kwanza huingia Novemba. Mtumie fundi ujumbe wiki hii, umwombe aje kwako peke yake jioni ya Jumamosi kungali na mwanga. Muandalie chai, na tochi iwe tayari juu ya meza, ili kabla hamjazungumza habari za fedha muiname chini yake wote wawili mkatazame zile skrubu.